Sinema Inayoketisha Boma Zima

Sisi watu wa Ukambani tulipigwa picha zamani sana, kabla yeyote kati yetu hajashika kamera. Mwaka 1937, R. O. Barnes alizunguka vilima vya Machakos kwa niaba ya serikali ya kikoloni akipiga picha za makorongo, miteremko iliyobaki mawe na mashamba yaliyochimbwa na maji ya mvua. Mwaka uliofuata serikali hiyo ikachukua ng'ombe wa watu kwa nguvu, ikidai kwamba mifugo imezidi ardhi, na Muindi Mbingu akaongoza umati kwa miguu hadi Nairobi kumtaka gavana awajibu. Mbingu alipelekwa uhamishoni Lamu. Picha zikabaki kwenye majalada. Zaidi ya miaka 50 baadaye, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipokuwa wakiandika kitabu chao juu ya Machakos kilichotoka mwaka 1994, picha zile zilitolewa na mahali palepale pakapigwa tena. Ardhi ileile sasa ilikuwa na watu wengi zaidi, na bado ilikuwa na matuta, miembe na miti mingi kuliko wakati wa Barnes.

Mimi huwaza sana juu ya jambo hilo. Kazi ya mikono ya babu na bibi zetu, wale waliochimba matuta kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya majirani, inaonekana leo kwa sababu mtu fulani alikumbuka kuandika mwaka na mahali kwenye picha. Bila maandishi hayo, kilima ni kilima tu.

Ninaishi Tala, kando ya Barabara ya Kangundo, kilomita hamsini na ushei kutoka Nairobi. Hapa nilizaliwa na hapa nimefundisha shule ya msingi hadi nilipostaafu. Asubuhi ukitoka nje unauona mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao sisi tunauita Kilimambogo, jina ambalo Kakai Kilonzo aliipa bendi yake ya Kilimambogo Brothers. Watu wa hapa wanajulikana kwa kahawa ya Matungulu, eneo letu, kwa soko, na kwa shule za misheni. Hakuna anayetutaja inapozungumzwa habari ya sinema. Nataka kututaja.

Sinema ya kwanza niliyoiona ililetwa na gari. Lilifika jioni, likaegeshwa kwenye uwanja karibu na soko, na habari zikasambaa kwa mbio za watoto. Tulitazama matangazo ya sabuni na ya dawa za maumivu, kisha Charlie Chaplin akipigwa na kuanguka, kisha filamu fupi juu ya kuchimba choo na kuchemsha maji. Magari hayo yalikuwa na historia ndefu kuliko tulivyojua. Tangu 1935 hadi 1937 Waingereza walikuwa wameweka makao Vugiri, Tanganyika, katika jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wakatengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika kuhifadhi pesa, kulima na kujitunza, wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1939 ikaundwa Colonial Film Unit, nayo ikaendeleza kazi hiyo. Wenye filamu walitaka kutufundisha. Hawakufika kumuuliza mama wa Matungulu angependa kuona hadithi gani.

Hata hivyo jioni zile zilitufunza kitu ambacho hakikuwamo katika mpango wao. Tulijifunza kutazama pamoja. Wazee walikaa kwenye mawe, akina mama wakasimama na leso zao wakiwa na watoto mgongoni, na kila tendo kwenye kitambaa kile cheupe lilijibiwa kwa sauti. Mtu akikaribia kudanganywa katika filamu, umati ulimwonya kwa Kikamba.

Baadaye jirani yetu, mkulima wa kahawa, alinunua runinga ndogo ya Great Wall ya rangi nyeusi na nyeupe. Iliwashwa kwa betri ya gari ambayo mwanawe aliipeleka sokoni kuchajiwa, ameifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Jioni ya vichekesho vya Vitimbi au Vioja Mahakamani, sebule yake ilijaa mpaka mlangoni. Mzee Ojwang na Mama Kayai wa Vitimbi walikuwa kama watu wa kijiji jirani. Mzee Ojwang, ambaye jina lake lilikuwa Benson Wanjau, alipofariki mwaka 2015, mama yangu alimwombolezea kama mtu aliyewahi kunywa chai kwake.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini michezo ile ilitushika vile, wakati vifaa vyake vilikuwa duni na mandhari yake ni kuta za mbao tu. Jibu nimelipata katika mila zetu. Kwa Wakamba, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hawakai pamoja mbele ya jambo la aibu, hawatajiani maneno fulani, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Sebule ya jirani yetu ilikuwa na mkwe wake, ilikuwa na mama mkwe, ilikuwa na katekista na watoto wa darasa la pili, na Mzee Ojwang aliwachekesha wote bila mtu kuinuka. Bodi ya Uainishaji wa Filamu huandika GE kwenye filamu inayofaa watazamaji wote. Sisi tuna kipimo kikali zaidi ya hicho: mkwe na mama mkwe waweze kuitazama hadi mwisho na kesho yake wasalimiane.

Kufaulu mtihani huo ni kazi ngumu ya sanaa. Wengi hudhani filamu ya familia ni ile iliyoondolewa mambo, ikabaki tamu na laini kama uji wa mtoto. Vitimbi ilikuwa na wizi, ulevi, uongo wa mume kwa mke, deni, na njaa. Kilichotofautisha ni namna ya kusema. Watu wazima walielewa tabaka moja, watoto wakaelewa lingine, na hakuna aliyefukuzwa chumbani.

Kisha ikaja kamera ya video, na hapo ndipo Tala ilipoanza kutengeneza filamu zake.

Mpiga video wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa fundi wa redio mwenye kibanda karibu na stendi. Alinunua kamera kubwa ya kubebwa begani, ile inayotumia kaseti za VHS, na taa kali inayohitaji jenereta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 harusi isiyokuwa naye ilionekana pungufu. Alienda pia kwenye ntheo, ile siku upande wa mume unapoleta mbuzi na wazee wanathibitisha kwamba ndoa imekuwa ndoa. Alienda kwenye harambee, kwenye upadirisho, na baadaye kwenye mazishi, jambo ambalo lilizua ubishi mkali makanisani kabla halijazoeleka.

Harusi ya shangazi yangu mdogo imo katika kaseti yake mojawapo. Inaanza barabarani, kamera ikiwa ndani ya gari, ikipita maduka ya Tala ambayo mengi sasa yamebomolewa. Inaingia langoni kwetu. Hapo amesimama susu yangu, mama mzazi wa baba, amevaa gauni la buluu na viatu alivyokopeshwa. Anamwangalia mpiga video, si kioo cha kamera, maana hakuwa amezoea kuzungumza na kioo. Anamuuliza:

"Mwanangu, umekula?"

Sauti inajibu kutoka nyuma ya kamera, "Bado, susu."

"Basi weka chini hicho chombo. Hakuna kazi ya tumbo tupu hapa."

Picha inatikisika, inaonyesha majani, kisha inakatika. Inaporudi, watu wameshaanza kuimba. Fundi angeweza kuikata sehemu hiyo alipokuwa akinakili. Aliiacha. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, aliniambia kwamba harusi zote zina keki, lakini hakuna harusi nyingine yenye bibi yule.

Susu alifariki miaka michache baada ya siku hiyo. Hatuna sauti yake mahali pengine popote. Tuna picha mbili zake, zote amekaa wima na uso mkavu kama watu wa zamani walivyokaa mbele ya kamera, na mtu asiyemjua angedhani alikuwa mkali. Katika kaseti ni yeye mwenyewe: anamlisha mgeni kabla ya kumuuliza jina. Watoto wangu wamemjua hapo. Binti yangu alipokuwa mdogo aliomba irudishwe sehemu ile tena na tena mpaka ukanda ukaanza kukwaruza.

Kaseti hizo zilifanya kazi nyingine pia, nzito kuliko burudani. Katika ukoo wetu kulizuka ubishi kuhusu ntheo ya binamu. Upande mmoja ulisema mbuzi hawakutimia, na mzee fulani hakuwapo kama ilivyodaiwa. Wazee walikaa mara kadhaa bila kuafikiana. Mwishowe mtu akakumbuka video. Ikatafutwa deki, ikaletwa jenereta, na wazee wakakaa mbele ya runinga wakiwa na fimbo zao. Mzee aliyetajwa alionekana waziwazi, amesimama karibu na mbuzi, anacheka. Mjadala ulifungwa siku hiyo, na wazee wakaagiza kaseti ile itunzwe na mama wa nyumba kubwa.

Nayasimulia haya kwa sababu mara nyingi nimesikia wasomi na wenye vyeo wakizidharau video za harusi. Wanaziona kama biashara ya mitaani isiyo na sanaa. Nimekaa karibu na fundi yule kiasi cha kujua kwamba alikuwa na kanuni, na kanuni zake zingefaa kufundishwa. Alianza na njia kila mara, ili mtazamaji ajue amefika wapi. Hakumkatiza mzee anayezungumza, hata hotuba ikiwa ndefu, kwa sababu alijua kwamba hotuba hiyo ndiyo wajukuu wataitafuta. Alipiga mikono: mikono inayochambua mchele, inayofunga tai, inayopokea bahasha. Watu wenye haya ambao huficha uso mbele ya kamera walibaki kwenye kumbukumbu kwa mikono yao. Na hakuwahi kumpiga picha mtu anayekula.

Shule rasmi za ufundi huo zilikuwa mbali. Taasisi ya KIMC jijini Nairobi ilitoa watu kama Anne Mungai, aliyeongoza Saikati mwaka 1992, miaka sita baada ya Sao Gamba kutoa Kolormask, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa na Wakenya. Mungai alisimulia habari ya msichana Mmasai anayetaka kusoma huku familia ikimtafutia mume. Walimu wenzangu walioiona walitoka wakizungumza juu ya wanafunzi wao wenyewe. Lakini filamu kama hizo hazikufika Tala kwa urahisi. Zilizotufikia ni zile za mtaa wa River Road jijini Nairobi, komedi za Kikuyu na za Kikamba zilizotengenezwa haraka, zikauzwa kwenye kaseti na baadaye diski, katika biashara ambayo watu waliita Riverwood. Na zilitufikia filamu za mapigano katika vibanda vya video, ambamo leo sauti inayotawala ni ya DJ Afro akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za Wachina na Wamarekani. Vijana wengi hapa walijifunza mpangilio wa hadithi kwake: shujaa ni nani, ana deni na nani, adui anaingia lini.

Vijana hao ndio waliokuja kwangu siku moja, miaka michache baada ya matangazo ya analogi kuzimwa mwaka 2015. Walikuwa kundi la wahitimu wa sekondari na waendesha boda boda. Walikuwa na kamera moja ya kukodi, laptopu, na hadithi.

"Mwalimu, shikamoo. Tunaomba boma lako tutengenezee filamu."

Niliuliza ni filamu ya nini. Ilikuwa ya ndugu wawili wanaogombania hati ya shamba baada ya baba kufa, na mama yao anayekataa miti ya mumewe ikatwe. Nikakubali papo hapo. Hakuna nyumba hapa Matungulu isiyojua hadithi hiyo, hasa tangu mji wa Nairobi ulipoanza kutambaa kupitia Kamulu na Joska hadi kwetu, na ploti kuuzwa vipande vipande.

Wiki zilizofuata zilinifunza kuhusu utengenezaji wa filamu zaidi ya vitabu vyote nilivyosoma. Adui mkubwa ni sauti. Picha ya simu nzuri inaweza kupendeza, lakini maneno yakimezwa na upepo hakuna anayevumilia. Tulishindana na jogoo, na kinu cha kusaga mahindi, na honi za matatu za barabara ya Kangundo. Ilibidi mtu aende kwa mwenye kinu kumwomba asimamishe mashine kwa dakika chache, na mwenye kinu akataka kuigiza ndipo asimamishe. Akapewa nafasi ya mnunuzi wa shamba. Aliifanya vizuri sana, maana alikuwa amewaona wanunuzi wengi.

Mama wa hadithi aliigizwa na muuza nyanya wa sokoni. Skripti ilimtaka amtukane mwanawe mkubwa mbele ya wageni. Alisoma, akaweka karatasi chini. Alisema mama wa hapa akikasirika kiasi hicho mbele ya wageni hapigi kelele. Anasimama, anaingia jikoni, anaacha kupakua chakula. Basi wakapiga hivyo. Wageni wamekaa na sahani tupu, mtoto mkubwa anatazama mlango wa jikoni, na hakuna anayezungumza. Ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote katika filamu ile, na aliyeiandika ni mwanamke ambaye hakuwa amewahi kuona skripti. Nilipoona hayo niliacha kuamini kwamba majirani huingizwa katika filamu za mitaani kwa sababu tu hakuna pesa za kulipa waigizaji. Wanaingizwa kwa sababu wanajua mambo ambayo mwandishi hayajui.

Fundi wa zamani alikuja pia, amezeeka, akitembea kwa mkongojo. Aliwaambia vijana waanze na njia. Wakaanza na njia.

Chakula kilipikwa na akina mama wa kikundi cha kanisa, muthokoi kwa maharagwe, kila mmoja kwa zamu yake kama inavyofanywa kwenye mwethya wa shamba. Leseni ndiyo iliyowasumbua vijana. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ambayo mizizi yake iko kabla ya uhuru, inataka anayepiga filamu ya kuonyeshwa umma awe na kibali, na taratibu zake zimeandikwa kwa ajili ya kampuni yenye ofisi na wakala. Kijana wa boda boda anaomba ruhusa ileile anayoomba mgeni anayeleta malori ya vifaa kupiga picha za simba. Sheria hiyo inahitaji kupunguzwa uzito kwa watu wa mitaani. Hilo nalisema bila kusita.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe. Watu walijaa, wengine wakabaki madirishani. Mzee mmoja alipinga kwa sauti kwamba chifu hakai kwenye kiti namna ile. Watoto walipiga kelele kila walipomwona mtu wanayemjua. Mkwe na mama mkwe walikuwamo, nao walikaa hadi mwisho. Jirani mmoja aliyekuwa na kesi ya shamba na nduguye aliondoka katikati. Sikumuuliza kitu.

Mwaka 2018 Likarion Wainaina alitoa Supa Modo, filamu ya msichana mgonjwa anayependa mashujaa wa sinema, ambaye kijiji chake kinaamua kumtengenezea filamu ili awe shujaa mwenyewe. Ilianza safari yake Berlin, Februari mwaka huo, katika kitengo cha filamu za watoto na vijana, na baadaye Kenya ikaiteua kugombea Oscar. Wageni walioiona labda walidhani kijiji kama hicho ni ndoto nzuri ya mwandishi. Sisi tulikijua. Nilipoitazama niliwaza juu ya mwenye kinu na muuza nyanya. Vilevile David Gitonga alikuwa ametupa Nairobi Half Life mwaka 2012, ambayo mhusika wake Mwas anauza filamu kijijini huku akiigiza vipande vyake barabarani, kisha anaenda jijini kutafuta kuwa mwigizaji na jiji linamrarua. Ni filamu bora. Ila huwa natamani apatikane mtu wa kusimulia habari ya Mwas mwingine, yule aliyebaki nyumbani na kamera ya kukodi.

Anawezekana. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alianza Ramon Film Productions mwaka 2005 akiwa na majirani zake tu, bunduki za vyuma chakavu, na kompyuta alizounga mwenyewe. Filamu yake ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 imetazamwa duniani kote. Risasi na damu zake hazipiti mtihani wa mama mkwe, lakini mtaa wake umejijengea kazi. Na hata hapa Machakos mfano tunao wa zamani kuliko huo. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga mbao kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporudi alianza kuchonga nyumbani, majirani wakamwiga, na vinyago vya Wakamba vikafika Mombasa, Nairobi na ng'ambo. Ufundi ulipita kutoka ua mmoja hadi mwingine.

Alfred Mutua, aliyekuwa ametengeneza vipindi vya runinga kama Cobra Squad kabla ya kuwa gavana wa kwanza wa Machakos mwaka 2013, alitupa jina la Machawood kwa mpango wake wa filamu. Vijana wengi walitoka Tala kwenda mjini Machakos kujaribu bahati yao ya kuigiza. Nilifurahi kwamba kiongozi anaona filamu ni kazi ya heshima. Hata hivyo, kwa maoni yangu, tasnia haijengwi kwa kuwakusanya vijana uwanjani wapangiwe foleni. Inajengwa pale walipo, kwa kipaza sauti kizuri kimoja ambacho vikundi vitatu vinaweza kuazimana, na ukumbi ambao hautozi ada kubwa. Kuliko yote imenitia moyo kuona tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo limeongeza kitengo cha filamu. Mmoja wa vijana waliotumia boma langu sasa anasaidia klabu ya filamu ya shule. Mwingine anapiga harusi. Waliobaki walikwenda Nairobi, kundi likavunjika, na filamu yao imebaki katika flashi chache.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Kaseti zetu zinakufa. Zimewekwa juu ya kabati, kwenye vumbi na joto, na ukungu mweupe umeingia ndani ya ukanda. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, IASA, walitoa onyo kwamba kanda za sumaku zinakaribia kupotea, kwa sababu mashine za kuzisoma na mafundi wake wanaisha. Onyo hilo liliwalenga wenye maktaba na vituo vya utangazaji, lakini linatuhusu sisi zaidi, maana kaseti yetu haina nakala kwingine. Na video za simu hazina nafuu. Harusi ya mwaka jana inakaa kwenye simu moja, simu inaanguka chooni au inaibwa kwenye matatu, na bibi harusi anabaki na picha tatu za WhatsApp.

Fundi wetu alifariki. Kibandani kwake zilikutwa kaseti asilia za karibu kila ukoo wa eneo hili, kwenye magunia, nyingi bila maandishi. Wanawe walikuwa tayari kumpa yeyote atakayeitambua yake. Wachache walikuja. Mimi nilichukua yetu, nikampelekea kijana mwenye deki inayofanya kazi, akainakili kwenye kompyuta. Sehemu ya susu iko, pamoja na mikwaruzo aliyoitia binti yangu.

Kwa hiyo naomba, kwanza kwa serikali ya kaunti: tupeni chumba kimoja Tala chenye deki inayofanya kazi, kompyuta, na mtu wa kunakili kanda za wananchi kwa ada ndogo. Gharama yake haifiki hata ya jukwaa la sherehe moja. Na kwako msomaji, popote ulipo, fungua kabati lako wiki hii. Andika juu ya kila kaseti na kila diski ni ya nani, wapi, na mwaka gani. Nakili mahali pawili. Desemba watu watakaporudi nyumbani, waketishe wazee mbele ya skrini, simamisha picha kila uso usiojulikana unapotokea, na uandike majina wanayokutajia. Anza na kanda ambayo mashahidi wake wamebaki wachache.